Tanbihi ya Arobaini na Moja

Helmi Tamberg, hatukuonana.
Nilizaliwa hapa Tartu mwaka uliozikwa wewe,
na lau si uvivu wangu wa daftari
ningeingia kaburini bila kulijua jina lako.

Ni uvivu, niseme kweli.
Mwezi wa Oktoba nilinakili sentensi kwa penseli:
“Barafu haipasuki pale ilipo nyembamba;
hupasuka pale ilipokutana na barafu nyingine.”
Alama za nukuu nimeziweka leo. Siku ile sikuziweka,
wala ukurasa sikuuandika.
Nilijiambia, nitakumbuka.

Kufikia Februari sentensi ilikwisha kunizoea.
Imevaa mwandiko wangu, imejifunza kukohoa kama mimi,
nami nikaikaribisha katika sura ya tatu ya tasnifu
kama mtu aokotaye glavu kwenye theluji
na kwa kuwa yamtosha mkono
asiulize ni ya nani.

Kompyuta ya chuo ndiyo iliyouliza.
Iliipaka rangi nyekundu, ikamtaja mwenyewe:
Vello Kangro, makala ya mwaka 1983.
Msimamizi wangu!
Masikio yaliniwaka.
Basi, nikasema, dawa ni rahisi:
jina, mwaka, ukurasa,
mabano yafunguke, mabano yafungwe,
deni limelipwa.

Lakini makala yake ilitaja vipimo
vya majira ya baridi kumi na tisa, 1948 hadi 1967,
na Kangro alizaliwa hamsini na saba.
Nilipiga hesabu kituoni, basi likanipita.
Mtoto wa miaka kumi
hawezi kufunga hesabu ya baridi kumi na tisa.

Ghorofa ya chini ya maktaba, nyuma ya mabomba ya joto,
nikakukuta:
kurasa mia moja na kumi na mbili za taipureta,
nakala ya kaboni, kila herufi “e” imeziba jicho.
Kila alfajiri shimo moja katika Ziwa Peipsi,
kila shimo kijiti kimoja,
na pembeni, kwa kalamu yako:
“Leo upepo.”
“Leo vidole vimekataa.”
“Mama amefariki. Sentimita 44.”
Na ukurasa wa sitini na tatu, sentensi yetu,
hapana, yako,
imeketi kimya
kama mwenye nyumba aliyesikia wageni wakigawana vyumba.

Hakuna aliyekunyonga, Helmi.
Walikuacha tu kwenye unyevu.
Lakini hata aliyeachwa ana haki yake,
na haki hii ilikuwa ndogo kiasi hiki:
mistari miwili chini ya ukurasa,
herufi za ukubwa wa punje ya mtama.

Mwaka kwenye jalada ulikuwa umelowa.
Sita ilionekana; iliyofuata ni saba au nane.
Nikakisia nane.
Nikaandika tanbihi ya arobaini na moja,
jina lako kamili, sanduku, rafu, ukurasa,
nikaifuta,
nikalala vibaya,
nikairudisha.
Sahihi ya Kangro ndiyo mlango wangu wa kutokea, 
na mlango, nilijua, una komeo.

Alisoma sura ya tatu mbele yangu, kalamu ya kijani mkononi.
Alisahihisha koma. Alisahihisha jina la kijiji.
Alipofika arobaini na moja
kalamu ilisimama
kwa muda wa chai kuacha kutoa mvuke.

“Si sitini na nane,” alisema,
bila kuinua macho.
“Ni sitini na saba.”

Akaandika saba hiyo mwenyewe, taratibu, juu ya nane yangu,
akafungua ukurasa uliofuata.

Usiku nilirudi kwenye daftari,
karatasi ya Oktoba, sentensi ya penseli.
Nikaizungushia alama zake mbili, mwanzo na mwisho,
na kando yake nikaandika:
Tamberg, uk. 63.